Dada Akisema Acha

Goti la Sindano lilianza kusema chuoni, kwenye ngazi za bweni. Kila alipopanda lilitoa mlio mdogo, ka, kama kijiti kinachovunjwa. Dada yake, aliyesoma chuo hicho hicho na kucheza kiungo nyuma yake katika timu ya mpira ya wanawake, ndiye aliyeusikia wa kwanza.

"Hilo goti lina jambo," dada akasema.

"Linazeeka kabla yangu. Liache."

Jina la Sindano alipewa na kocha, kwa kuwa alipenya mahali ambapo hata uzi ungekwama. Lakini nusu ya mabao ya chuo yalitokana na neno moja. Pasi ikimjia, dada alipaza sauti nyuma yake, "Acha!" Naye, bila kugeuka, alipanua miguu mpira ukapita katikati. Mabeki wakabaki wanamkaba yeye, dada akafunga. Waliingia mkenge kila wiki, masikini.

Simu ya timu ya taifa ilipokuja, dada alikuwa ameshatundika viatu, anafundisha. Mama alilia kwa furaha jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika. Asubuhi hiyo goti lilikuwa limevimba.

"Chuchumaa," daktari wa timu akamwambia kambini. Akachuchumaa, jasho jembamba likimtoka mgongoni.

"Kuna maumivu?"

"Maumivu ni ya mabeki, daktari."

Daktari akacheka, akampitisha. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sindano aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, ila alidhani inawahusu wengine.

Siku ya mechi dada alimkuta hotelini, amekaa ukingoni mwa bafu, anazungushia goti bendeji.

"Mwambie daktari."

"Nikimwambia, jezi anapewa mwingine. Nikitoka leo sirudi, dada."

"Na goti likikatika?"

"Mechi moja tu."

Dada akaichukua bendeji, akamfunga vizuri zaidi. "Nitakaa karibu na uzio. Nikiona unachechemea nitakupigia kelele utoke. Usije ukawa sikio la kufa."

"Nikikusikia nitatii," Sindano akasema, na alimaanisha.

Kipindi cha pili maumivu yalikoma, na hapo ndipo alipoogopa. Goti lilikuwa la baridi, limelegea, kama la mtu mwingine. Akaanza kuuburuta mguu. Pasi ikatoka kulia, ya chini, safi, na beki mmoja akaja mbio. Mara, kutoka nyuma yake, sauti aliyoijua kuliko hata ya mama yake ikapasua makelele ya mashabiki.

"Acha!"

Mwili hauulizi maswali. Sindano aliukita mguu mbovu, akapanua miguu, akageuka kumpisha wa nyuma amalizie. Mpira ukapita. Kiatu kikang'ang'ania nyasi. Safari hii goti halikusema ka. Lilitoa mlio ambao hata yule beki aliusikia, akasimama, akashika kichwa.

Mpira ulijiendea taratibu mpaka nje. Hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Dada aliruka uzio, akafika kabla ya machela. "Nilisema uache kucheza! Kucheza, mdogo wangu!"

Sindano alimshika mkono. Alikuwa analia na hakuona aibu.

"Mimi nimeuacha mpira, dada," akasema. "Nilijua uko nyuma yangu."