Mzee Analya Mwenyewe

Mume wangu, Sylvanus Owuor, alishona viti vya magari pale Kansanga, Kampala, tangu ujana wetu, mpaka kiharusi kilipomwangusha mlangoni pa karakana yake. Hospitali ilimrudisha nyumbani Kisugu akiwa hai, namshukuru Mungu, ila mkono wake wa kushonea ulikuwa umekufa ganzi na ulimi umekuwa mzito. Mimi mwenyewe nyonga yangu ni mbovu. Nikimwinua mtu, tunaanguka wawili.

Binti yetu Ajwang alikuwa akipiga simu kila jioni kutoka Nairobi. Alishatuambia bila kuzunguka: siku baba yake atakaposhindwa kujivalisha na kujilisha, anakuja na gari kutuchukua, tukaishi naye ghorofani. Sikutaka. Sylvanus hakutaka zaidi. Hapa Kisugu ninajua nani ananiuzia nyanya mbovu na nani ananiongezea moja juu. Huko ghorofani ningemjua nani?

Kituo cha wazee kikatuletea Sumayiya, msichana wa huku huku mtaani, mwenye hijabu ya kijani na Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni. Siku ya kwanza alijaza maji kwenye beseni, akaweka sabuni mbele ya Sylvanus, kisha akavuta kigoda, akaketi, na mikono yake akaikalia.

"Wewe, mbona umekaa?" nikamuuliza.

"Jaja, mikono yangu hii inapenda sana kusaidia," alisema. Jaja kwa Kiganda ni bibi, hata babu. "Nikiachiria, itafanya kila kitu. Sasa mkono ya Mzee itasahau kazi."

Nikampa msichana vidonge vyake. Nilimwambia tuliomba msaidizi, wakatuletea mtazamaji. Alicheka tu. Sylvanus alihangaika na ile sabuni mpaka ikaenda chini ya kitanda, akamtukana Sumayiya kwa Kijaluo, matusi ambayo sijayasikia tangu tulipooana. Msichana hakuelewa hata moja. "Webale, Jaja," akamjibu, yaani asante, kisha akaiokota sabuni na kuiweka mbele yake tena.

Nisiseme uongo, ilinichukua muda kumpenda. Lakini mvua zilipoanza, mume wangu alikuwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe, vingine vikipishana, na tulikuwa tunatoka pamoja, yeye na fimbo, mimi na nyonga yangu, mpaka kibandani kwa Ongom anapouza magazeti. Huko anagombana na Ongom juu ya mpira, tunarudi. Mezani Sumayiya alimzungushia kijiko kitambaa kiwe kinene, kishikike. Nusu ya chakula iliishia kifuani, sawa, lakini ile nusu nyingine aliipeleka mwenyewe mdomoni. Nilikuwa namtazama nikijisikia vizuri. Nilijua tutabaki nyumbani kwetu.

Sasa Sumayiya, kwa furaha yake, akamrekodia Ajwang ujumbe wa sauti bila kuniambia. Niliusikia baadaye:

"Dada Ajwang, habari nzuri! Siku hizi Mzee analya yeye mwenyewe. Mimi naangaria tu. Jana alilya mpaka akamariza, mimi sikumugusa kabisa."

Kwa Kiganda, kulya ni kula. Msichana alichukua neno la kwao akalivika Kiswahili, kama wafanyavyo watu wa Kampala kila siku, na sisi tuliozoea tunaelewa. Lakini Ajwang anaishi Nairobi. Yeye alichosikia ni kwamba baba yake analia peke yake, msaidizi anamwangalia tu, na jana mzee alilia mpaka akamaliza bila hata kuguswa bega.

Hakupiga simu. Alipanda basi, akaingia asubuhi mkoba ukiwa bado begani. Laiti angemkuta baba yake amelala! Alimkuta mezani na sahani ya katogo, ndizi na maharage vimemwagikia shati, na machozi yanamtiririka. Tangu kiharusi, machozi yake yanajitokea yenyewe, hata redio ikipiga wimbo wa kanisani. Na Sumayiya yuko pale kwenye kigoda, ameikalia mikono.

"Toka," Ajwang akasema.

"Dada, Mzee analya vizu..."

"Naona analia! Nina macho!"

Sumayiya alinitazama mimi. Nikasimama kueleza, lakini Ajwang alishafungua mlango, na msichana akatoka akiwa ameshika viatu mkononi.

Nilimweleza binti yangu lile neno, nikarudia. Mwishowe alielewa, akaketi, hata akacheka kidogo. Kisha akaliangalia shati la baba yake, kicheko kikamwisha.

"Sawa, Mama, anakula. Lakini baba yangu ndiyo ale hivi? Na mtu mzima mwenye mikono miwili amekaa anamtazama?"

Sylvanus akajikaza kusema. "Msi... msichana mzuri. Abaki."

"Ndiyo, Baba," Ajwang akamjibu, akimfuta kidevu. "Nabaki. Niko hapa."

Siku ile ile aliwapigia kituo, akawaambia Sumayiya asirudi.

Ajwang alichukua likizo ya mwezi, na siwezi kumlaumu kwa mapenzi yake. Alimwogesha baba yake, akamnyoa, akamvalisha mashati yaliyopigwa pasi. Alimsagia chakula na kumlisha kijiko baada ya kijiko, bila tone kuanguka. Gazeti alimletea kitandani. Jirani yetu Maimunah alikuja kumjulia hali, akamwona alivyong'aa, akaniambia, "Mama Ajwang, wewe umezaa." Na kweli nimezaa. Ila ule mkono ulikuwa umelala mapajani mwake siku nzima, na Sylvanus alikuwa ameacha kutukana. Hilo ndilo lililonitia hofu. Usiku nilimsikiliza akipumua, nikalia mimi.

Likizo ikaisha. Nilipigia kituo kumwomba Sumayiya. Wakasema amepewa wazee wengine Lubaga, tungoje zamu. Nikamwambia Ajwang aende tu kazini, sisi tutaweza.

"Mama, nionyeshe kwanza mtakavyoweza," akasema, mkoba ukiwa mkononi. "Nikiona anakula, naondoka."

Nikapika katogo. Nikauzungushia mpini wa kijiko kitambaa, nikakiweka mbele ya mume wangu, nikaketi, na mikono yangu nikaikalia.

"Kula, Baba Ajwang."

Alikitazama kijiko. Akanitazama mimi. Kisha akainua uso wake uliooshwa vizuri, akafungua mdomo.

"Mkono," nikasema. "Tumia mkono, Baba Ajwang. Tafadhali."

Hakukasirika. Ningefurahi kama angenitukana. Alikaa hivyo hivyo, mdomo wazi, akinisubiri kwa adabu. Nami nikasubiri, mpaka chakula kikaacha kutoa moshi.

Nyuma yangu nikasikia Ajwang akiweka mkoba sakafuni.

"Unaona, Mama?" alisema kwa upole. "Nitatafuta gari leo."

Nikaitoa mikono yangu, nikachukua kijiko, nikamlisha. Akameza vizuri, akafungua tena.