Njoo Utuwashie

Mke akimwonea wivu mke mwenzake, watu wanaelewa na hata kumpa pole. Lakini mwanamke huyu, fundi simu, hakuwa na mke mwenza. Aliyemwonea wivu ni wifi yake, dada wa tumbo moja wa mumewe, mtu aliyekaa mji mwingine na ambaye hakuwahi kumkosea hata kwa jicho. Ukimwonea wivu mtu wa namna hiyo huna hata pa kulalamikia. Utamwambia nani, na utaanzia wapi?

Wifi ndiye aliyemlea mdogo wake huyo baada ya wazazi wao kufariki. Alimsomesha, akamfundisha mpaka kunyoa ndevu, na sasa dada huyo alikuwa msimamizi wa kompyuta katika benki. Basi chochote kilichoharibika nyumbani kwa mdogo mtu kilitafutiwa dawa kwa simu. Pasi ikigoma, "Ngoja nimpigie Dada." Sinki likiziba, "Ngoja nimpigie Dada." Na mke yuko palepale, fundi mzima, anayeshinda dukani akifungua simu za watu na kuzifunga zikiwa zimepona, amesimama na bisibisi mkononi kama hayupo.

Mumewe alikuwa akihariri video za sherehe na mikutano ya watu. Kompyuta yake ya zamani ilipoanza kukwama kila baada ya dakika chache, mke akafunga kibwebwe. Alisema mtu asinunue nyingine, ataiunda yeye. Kasha alilipata kwenye ofisi iliyokuwa ikihama, ubao mama, ule unaobeba vipande vyote, akabadilishana na fundi mwenzake, diski akanunua mpya. Kila kipande alikipangusa kwa brashi yake ya dukani kabla ya kukipachika. Mumewe alidhani anatengenezewa kompyuta tu. Kumbe mwenzake alitaka nyumba ile iwe na kitu kimoja, kimoja tu, ambacho kikigoma, mtu aitwe yeye kwanza.

Kuunda hakukumsumbua. Jumamosi asubuhi alibonyeza kitufe, feni zikazunguka, taa zikawaka, mumewe akapiga makofi. Kilichobaki ni kuweka mfumo wa kuiendesha. Aliuchukua ule wa bure akaupakia kwenye flashi, akaichomeka, na kazi ikaenda vizuri mpaka mwisho kabisa, pale inapotakiwa kuwekwa ile programu ndogo inayouamsha mfumo mzima kila unapobonyeza kitufe. Wao dukani waliiita kiwashio. Hapo skrini ikaandika kwamba kiwashio kimeshindikana kuwekwa kwenye diski.

Akarudia toka mwanzo. Kikashindikana. Akabadilisha waya wa diski, akarudia tena. Kikashindikana vilevile. Ubao ulikuwa unataka diski igawanywe kwa mtindo mpya, naye alikuwa ameigawa kwa mtindo wa zamani aliouzoea, lakini wakati ule hakuliona hilo. Aliona tu mkono wa mumewe ukiingia mfukoni.

"Ngoja nimpigie Dada."

"Usipige!"

"Dakika mbili tu, mke wangu. Mambo haya ndiyo kazi yake."

"Na mimi kazi yangu nini, kuuza maandazi?"

Akarudi haraka kwenye ukurasa ule ambapo mfumo huuliza kiwashio kiwekwe wapi. Palikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la diski, iliyokwisha kukataa. Akachagua la pili bila kulisoma vizuri. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba kazi imekamilika. Ikajizima, ikajiwasha, na picha ya mfumo ikatokea kwenye skrini. Mumewe akarudisha simu mfukoni. Wallahi, siku ile mke alijiona anaweza kuruka.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipochomoa flashi. Alipowasha tena, skrini ilikuwa nyeusi, na maneno meupe yakisema hakuna mfumo uliopatikana. Akairudisha flashi, kompyuta ikaamka. Akaichomoa, ikafa. Hapo akajua alichofanya. Mfumo wote ulikuwa ndani ya diski, lakini kiwashio alikuwa amekiweka kwenye flashi. Bila kale kaflashi, ile kompyuta ni kabati.

Mumewe alikuwa mlangoni. "Vipi, imekataa tena?"

"Haijakataa," mke akasema, akijikausha. "Nimeifungia. Hii ndiyo funguo yake. Mwizi akiibeba bila hii, amebeba bati."

"Hee! Hata benki kwa Dada sidhani kama wanayo hiyo."

Basi, mtu akishaambiwa hivyo ataanzaje kurekebisha? Flashi ikaingia kwenye shada la funguo zake. Kila asubuhi, akiwa bado anachuja chai, alisikia sauti kutoka chumba cha kazi: "Fundi! Njoo utuwashie!" Alijifuta mikono polepole, makusudi, aitwe mara ya pili. Akifika anachomeka flashi, anasimama nyuma ya kiti, mkono kwenye bega la mumewe, mpaka picha itokee. Kisha huchomoa flashi yake na kwenda dukani. Umeme ukikatika mchana, mumewe alilazimika kumpigia simu, naye aliwaambia wateja kwa sauti ya kusikika mpaka duka la jirani, "Samahani jamani, naitwa nyumbani, kuna mtu hawezi kazi bila mimi." Wivu ukalala. Haukufa, ulilala tu.

Uliamka wifi alipokuja kuwatembelea. Alikuja na shuka nzuri za zawadi, akaosha vyombo bila kuambiwa, akamsifia wifi yake kwa kompyuta ile mbele ya mumewe. "Hii umeiunda wewe? Mimi naziangalia tu, wifi, sijawahi kuunda hata moja." Mke alitabasamu kwa meno tu. Jioni kaka na dada walicheka mambo ya utotoni, hadithi ambazo mmoja akizianza, mwingine humalizia. Yeye alicheka pia, akichelewa kidogo, kwa sababu ilimbidi kwanza aone wenzake wanachekea wapi. Wifi alipoaga, mke alimsindikiza mpaka kituoni kwa furaha ambayo haikuwa ya upendo.

Maisha yakarudi. "Fundi! Njoo utuwashie!" Naye akaja, akachomeka, akawasha.

Siku moja aliwahi dukani kabla mumewe hajaamka, kwa sababu mteja alikuwa anasafiri na simu yake haijapona. Flashi aliondoka nayo. Akajua tu atapigiwa. Aliiweka simu mezani mahali pa kuonekana, akafanya kazi jicho likiwa huko. Asubuhi ikaisha. Labda amelala, akajiambia. Labda anaumwa. Mchana hakuweza kuvumilia tena, akafunga duka na kwenda nyumbani.

Alisikia feni toka barazani. Mumewe alikuwa kwenye kiti, vipokea sauti masikioni, kazi imetapakaa kwenye skrini.

"Nani kakuwashia?"

Mume alivua vile vya masikioni. Uso ulimbadilika kama wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Inawaka yenyewe."

"Toka lini?"

"Toka Dada alipokuja. Umeme ulikatika, wewe uko dukani. Nikasema nikuite, Dada akasema tusikusumbue, acha atazame. Akahamisha vitu vyote, akaigawa diski upya, akavirudisha, sijui kiwashio akakiweka kwenye diski... Haikupotea kitu."

"Na mbona kila asubuhi unaniita?"

"Dada alisema nisikwambie. Alisema ungejisikia vibaya."

Pengine mumewe alikuwa na maneno mengine ya kusema. Alifungua mdomo, akataja kitu kuhusu mkono begani, kwamba yeye mwenyewe ameuzoea. Mke hakuyasikia. Alichosikia ni kwamba asubuhi zote zile, huku yeye akijifuta mikono polepole kama malkia, watu wawili walikuwa wameshakubaliana jinsi ya kumbembeleza. Hata kuitwa kwake kulikuwa kumepangwa na Dada. Angemkuta wifi anamsengenya angemshukuru, maana angepata pa kumshika. Sasa atamshtaki kwa kosa gani? La kumsitiri?

"Usiniite tena," alisema, akageuka kurudi dukani.

Kesho yake alichuja chai akisikiliza. Kitufe kikabonyezwa, feni zikaanza kuzunguka, na hakuna aliyeitwa. Alijiambia ndivyo alivyotaka. Chai ikamwagikia vidole. Kisha feni zikabadilisha sauti, zikawa zinakwaruza kitu, krr, krr, na mumewe akanyanyua simu. Aliijua ile namna ya kusalimia.

"Shikamoo Dada. Samahani, kompyuta inapiga kelele. Sikiliza."

"Marahaba. Naisikia." Sauti ya wifi ilitoka kwenye spika ya simu, ikajaza nyumba. "Sasa mdogo wangu, mimi niko huku, mashine sikuiunda mimi. Mwite mwenyewe."

"Amenikataza nisimwite."

Wifi akaguna upande wa pili.

"Basi kaa na kelele zako," wifi akasema, na simu ikakatika.

Jikoni, mke alishika ukingo wa sinki. Mwanamke huyu! Hata nafasi ya kumchukia vizuri hampi. Alingoja aitwe. Kelele zikaendelea, krr, krr, na mtu wa ndani ya chumba alikuwa ametii alichoambiwa, ametii mno, maskini, hata hakohoi.

Alichukua bisibisi na kuingia.

"Sogea."

Mume akasogea na kiti chake. Mke aliizima kompyuta, akafungua ubavu wa kasha, akapiga magoti. Waya mmoja ulikuwa umelegea ukagusa feni. Aliufunga mahali pake, akarudisha bati, akakaza skrubu zake zote. Alipomaliza alibaki pale chini akiitazama bisibisi.

"Kesho niite," alisema.

"Nikuite kufanya nini? Inawaka yenyewe."

"Kwani nimesema sijui kwamba inawaka yenyewe?"