Bibiane Wawili

Bibiane Nsimire alikuja ofisi yetu ya wakimbizi, Kampala, Jumanne saa nne asubuhi kuchukua barua yake ya mahojiano, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba amekufa.

Niliandika namba yake kwenye kompyuta, ikatoka picha yake ileile, paji pana na jicho la kushoto dogo kidogo, na chini ya picha: marehemu, tarehe tisa Agosti 2009. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Alikuwa amekaa mbele yangu na gunia la viatu vya mitumba alivyokuwa akipeleka soko la Owino, anajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

“Mama Princesse,” nikasema, “kompyuta inasema wewe ulikufa.”

Akacheka. “Miye? Nilikufa lini?”

Nikamsomea tarehe. Kicheko kikakatika.

“Ile njo siku tulimuzika mwenzangu,” akasema.

Mwenzake huyo alikuwa binamu yake. Walikuwa Bibiane Nsimire wawili, wote wamepewa jina la bibi yao kule Walungu. Mmoja binti wa mzee Valère, mwingine, huyu wangu, binti wa marehemu kaka yake Valère. Vita vilipowatoa Kongo mwaka 2008, Valère alivuka nao wote wawili na kuwaandikisha katika kaya moja. Hakuna aliyezijua tarehe zao za kuzaliwa, ila mwaka tu. Karani akawaandikia wote tarehe moja Januari 1988. Karani huyo nilikuwa mimi. Kwetu asiyejua siku yake huandikiwa tarehe moja Januari, na ukiifungua rejista yetu utadhani wanawake wa Kongo hujifungua wote siku moja kwa mwaka, halafu wanapumzika. Mwaka uliofuata binti wa Valère akafa kwa malaria kambini. Nikaandika pia.

Sasa sikilizeni walichofanya wakubwa wetu. Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, shirika letu lilihamisha kumbukumbu zote, watu laki moja na elfu arobaini, kazi ya miaka kumi na mmoja ya vidole vyetu. Zilitoka kwenye seva ya zamani, inayonguruma stoo nyuma ya jiko la ofisi, zikaenda seva mpya Ulaya ya kaskazini, mji ambao hata meneja wetu Fabiano hawezi kulitamka jina lake. Zilisafiri siku sita kwa intaneti yetu ya kusuasua. Huko walikozipokea wakaweka kanuni: watu wawili wenye jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja na mkuu wa kaya mmoja, hao ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili ili ale posho mara mbili. Waunganishwe. Mmoja akiwa na tarehe ya kufa, tarehe hiyo ibaki, maana mtu hafufuki.

Aliyeitunga kanuni hiyo hajawahi kukaa kwenye benchi letu hata dakika tano. Bibiane alikuwa na binti, Princesse, aliyezaliwa 2010. Kwenye seva mpya mtoto huyo amezaliwa na mama aliyekufa mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyeona ajabu!

Nilimweleza Bibiane taratibu. Alikuwa amengoja mahojiano ya kwenda Kanada miaka minane, na yalikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Orodha ya majina ingetumwa Alhamisi mchana. Asiyekuwemo anarudi mwisho wa foleni, na kila mtu Kampala anajua foleni hiyo ilivyo. Nilitegemea alie. Badala yake akaniuliza, “Na mwenzangu? Munamuweka wapi?”

“Yeye hayupo tena. Wamewaunganisha. Kuna Bibiane mmoja tu.”

Hapo ndipo alipoipiga meza yangu mpaka kikombe kikaruka. “Miye banaweza kuniita maiti, niko hapa, nitabishana nabo! Lakini yeye nani atamubishania? Munamutoa hata mu bafu, mu benye balikufa?”

Watu kwenye benchi wakageuka. Nilimwomba arudi Alhamisi asubuhi, akaliinua gunia lake na kuondoka bila kuniaga.

Hasira iliyonipanda siku ile sikuwa naijua. Mimi ni Mnubi wa Kasubi, hapahapa Kampala. Babu wa babu yangu aliletwa huku kutoka Sudani na Waingereza kuwabebea bunduki zao, na baba yangu Dawudi, aliyezaliwa Kampala na kuendesha malori humuhumu maisha yake yote, alipoomba pasipoti aliambiwa dirishani alete ushahidi kwamba si mgeni. Alirudi nyumbani akakaa na kofia kichwani mpaka chakula kikapoa. Nilijiapia siku ile kwamba nikipata kazi ya karatasi, hakuna mtu atakayepotea mkononi mwangu. Na sasa tazama.

Maana ukweli wote sijausema. Kabla ya seva mpya kukubaliwa, karani mkuu alitakiwa achague kumbukumbu mia mbili, azilinganishe za zamani na mpya moja moja, halafu asaini. Karani mkuu ni mimi. Nililinganisha arobaini. Mtandao ulikuwa unakatika, wageni wa makao makuu walikuwa njiani, na Fabiano alikuwa amenipa kalamu yake na kusimama mlangoni akisema, “Saini, nnyabo, saini, mama, pilau inapoa.” Nikasaini mia mbili. Hakunishika mkono.

Jumanne ileile mchana nilimfuata ofisini kwake. Fabiano si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yawe yameisha.

“Andika tatizo kwa mfumo,” akasema. “Watajibu.”

Niliandika. Jibu likaja jioni, la adabu sana. Ili kufungua kumbukumbu ya marehemu, mhusika alete cheti cha kifo cha mtu wa pili, na ombi litashughulikiwa ndani ya siku thelathini za kazi. Cheti! Binti aliyezikwa na blanketi la msaada, kaburi limewekewa kijiti, leo anadaiwa cheti. Na mtu wa pili ni yupi, wakati wameshasema hakuna wa pili? Nilitukana kwa Kinubi, kwa sababu matusi ya Kiswahili yasingetosha.

Jumatano asubuhi niliingia stoo, nikaiuliza seva ya zamani swali moja: waliokuwa hai kwako na kwa mpya wamekufa ni wangapi? Feni ikanguruma, nikangoja. Mia sita na kumi na mbili. Nikaiuliza tena kwa njia nyingine, ikarudia ileile. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo ilikuwa zamu ya seva hiyo kufutwa, kwa kuwa siku kumi na nne za majaribio tangu nisaini zilikuwa zinaisha.

Nilikuwa nimeisoma ile fomu niliyosaini, walau hilo nilifanya. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba aliyesaini anaweza kuondoa saini yake kabla ya siku ya kumi na nne kwisha, na akiondoa, seva mpya inasimamishwa na ya zamani inarudi kazini. Inabidi aandike sababu.

Nikampelekea Fabiano karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akakaa.

“Wewe umeandika hapa ulisema uongo.”

“Nilisema uongo.”

“Nabilah. Mimi nasema nini kwa wakubwa? Pesa ya wafadhili imekwisha kula hii kazi. Ngoja siku salasini, watarekebisha polepole.”

“Mahojiano ni kesho kutwa, Fabiano. Na saa kumi na moja mnaifuta seva. Baada ya hapo watarekebisha kwa kutazama nini?”

“Watakufukuza. Hawatakupa hata barua ya kutafutia kazi ingine. Hapa Kampala kazi inapatikana wapi?”

“Watu mia sita na kumi na mbili!” Nilipiga kelele, na siombi radhi. “Niliwazika kwa kalamu yako na njaa yako ya pilau! Piga muhuri.”

Alipiga muhuri. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Alhamisi asubuhi seva ya zamani ilitoa orodha. Bibiane Nsimire alikuwemo, namba ya ishirini na saba, na Princesse chini yake, binti wa mama aliye hai. Saa tatu nikakabidhiwa barua yangu ya kuachishwa kazi. Sababu: kutoa taarifa za uongo kazini. Walisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu yule aliyetunga kanuni bado ana kiti chake na kahawa yake kule kwenye baridi. Nilipewa mpaka mchana nikusanye vitu vyangu.

Bibiane alikuja saa nne. Nikampa barua ya mahojiano. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Hakuondoka.

“Mwenzangu alirudi?”

Nikafungua kumbukumbu ya pili, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Binti mwembamba wa miaka ishirini, nywele amezisuka mistari, anacheka na mtu aliye pembeni ya kamera. Picha hiyo niliipiga mimi, lakini sikukumbuka alikuwa akicheka na nani, nikauliza.

“Na miye,” Bibiane akasema. “Nilikuwa namutekenya.” Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya shavu. “Papa Valère hana picha yake. Hatukuwa na simu. Ni hii tu. Ile picha ya bibi tuliacha Walungu, na hii yake nayo, dada, walitaka kuifuta?”

Saa kumi na moja ya jana ingefutwa. Nikabonyeza kuchapa.

Fabiano alitokea mlangoni akaiona karatasi ikitoka. “Nnyabo, ya marehemu haichapwi. Sheria.”

“Nifukuze tena,” nikamwambia.

Alirudi ofisini kwake akafunga mlango. Bibiane alikuwa anaipuliza karatasi wino ukauke. Akaomba nyingine, ya Papa Valère, kwa sababu hii ya kwanza anakwenda nayo Ijumaa. Wakimuuliza ana ndugu wangapi, akasema, anataka kuwaonyesha.

Nikachapa ya pili.