Vizibo Saba

Wazo lilikuwa la Chamima mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ni yeye, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale kijijini Mute, aliyesimama mkutanoni kusema kwamba katika wanawake wanne watakaokwenda kupika kambini Afungi, kwenye mradi wa gesi, wawili lazima wawe waliopoteza mashamba ndani ya uzio wa mradi. Walioomba ni tisa. Nafasi mbili zitakazobaki zipigiwe kura ya vizibo. Watu wakampigia makofi. Akaketi moyo mweupe, maana shamba la mama yake lilikuwa huko huko ndani ya uzio, na kazi ile aliitaka kufa na kupona.

Abudo, katibu wa kijiji, akafungua lista, orodha ya wenye mashamba. Katika wale tisa akasoma wawili tu: Zuleica na Nuro. Mkewe na dadake! Wanawake ambao jembe lao halijawahi kuonekana Afungi.

"Na mimi, katibu?"

"Hapa pameandikwa Rafique, mwalimu. Na Rafique hapiki."

Rafique ni kaka yake. Kwao shamba ni la mwanamke, lakini mbele ya serikali husema kaka wa mwanamke, mjomba wa watoto, basi siku ya kuandikisha mashamba Chamima alikaa nyuma kwa adabu. Adabu gani ile! Alijifunga kamba mwenyewe.

Akapiga hesabu palepale daftarini. Bila sharti, makundi ya wanne kutoka watu tisa ni mia moja ishirini na sita, na yeye yumo katika hamsini na sita. Sasa Zuleica na Nuro wamo katika kila kundi. Zimebaki nafasi mbili kwa watu saba. Makundi ishirini na moja tu, yake sita. Iliyokuwa karibu nusu haifiki hata theluthi.

Waombaji walikuwa na namba moja hadi tisa; vizibo vya soda vya wale saba vikatikiswa sufuriani. Kikatoka cha namba tatu. Kikatoka cha namba tano. Chake, cha namba tisa, kikabaki humo na vingine vinne.

Abudo akamsogezea karatasi, uso mkunjufu. "Mwalimu, wewe ndiye mjuzi wa hesabu. Tia sahihi kwamba imekwenda sawa."

Chamima akawageukia wenzake waliokosa, angalau mmoja apige kelele naye.

"Unatutazama nini?" Madalena, mmoja wao, akamwambia. "Si wewe uliyetaka wawili wawe lazima?"

Chamima akapitia hesabu tena. Haikuwa na kosa. Akatia sahihi, akamrudishia Abudo kalamu yake.