Viatu Alivyorusha Shangazi

Wakili wa filamu aligandisha picha kwenye skrini: mwanamke dirishani, kiatu hewani.

"Hii ni mali ya watu," alisema. "Ipo filamu ya zamani, mwanamke anarusha nje viatu vya mumewe, kimoja kimoja, kwa maneno haya haya. Wenyewe wapo hai, na ni wakali. Kata."

Mwongozaji aliona kama ameambiwa amkate shangazi yake. Tukio lile ndilo lililokuwa moyo wa filamu yake ya kwanza, na maonyesho yalikuwa kesho kutwa.

"Naapa sijaiona filamu hiyo! Haya yalitokea kwetu, nikiwa na miaka saba. Twende ukamsikie mwenyewe."

Walimkuta shangazi mtu kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Alisikiliza, akazitoa moja moja, akainama.

"Mwanangu, ukweli haufichiki. Wiki ile nilikuwa nimeiona filamu hiyo mara tatu. Hasira ilikuwa yangu, maneno niliyaazima."

Wakili akafunga faili. Mwongozaji akaketi juu ya rundo la vitambaa, machozi yakimlengalenga.

"Na aliiga vibaya," mume wa shangazi alidakia kutoka kwenye kochi. "Kule kwenye filamu mume aliondoka zake. Mimi niliviokota, nikamrushia."

"Wewe? Hata taka zinakushinda kutupia pipani!"

"Ukadaka, ukanirudishia, mpaka majirani wakaanza kuhesabu mabao."

Mwongozaji aliinua kichwa. Hilo hakulijua, siku ile baada ya viatu vya kwanza alijificha chini ya kitanda, ameziba masikio.

"Shangazi, ulimwambia nini aliporusha?"

"Nimesahau. Hebu nipe kiatu."

Mume akatoka, akasimama chini ya dirisha. Mwongozaji akawasha kamera ya simu. Kiatu kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Kiliporudi mara ya pili, kilimkosa shangazi na kutua kwenye paji la wakili, paa!

"Na wewe nani kakuambia usimame golini?" shangazi alifoka.

Wakili alisugua paji, akafungua faili, akaandika taratibu: *Tukio hili halifanani na kazi yoyote iliyotangulia.*

"Maneno hayo ya mwisho, mama, ni yako?"

"Yangu kabisa."

"Basi tia saini hapa. Kesho wanapiga picha upya."

Shangazi alishika kalamu, akasita. "Natia. Ila huyo wa kunicheza mimi, ajue kudaka."