Vigoda vya Miaka Mia

Kiranja alikuwa na wasiwasi tangu alfajiri, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeomba siku hiyo ifike. Jina la Kiranja alilipata shuleni, darasa la nne, kwa kuwapanga wenzake mstari. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane na wajukuu wawili, na bado kazi yake ilikuwa kuwapanga watu: aliwatembeza wageni waliokuja kuona ziwa. Kwa miaka sita alikuwa akiwaokota mmoja mmoja pale stendi. Leo hoteli kubwa ya mlimani ilikuwa imempa kundi zima, watu kumi na mmoja ndani ya basi dogo, kwa majaribio. Akifaulu, kundi la kila Jumamosi ni lake. Akishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni ya mjini, yenye magari yake na waongozaji waliovaa sare.

Wa kumpima alikaa kiti cha mbele na jalada mapajani. Alikuwa karani wa hoteli, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye tangu watoke alikuwa amesema "haya" na "twende" tu.

Kiranja alijikaza kisabuni, akasimama katikati ya basi.

"Wageni wetu, leo tuna vituo vitano. Tutaanza na mwamba wa kutazamia ziwa. Kisha mwalo, pale mashua za uvuvi zinapofikia. Kisha kina mama wafinyanzi, kisha soko la vikapu. Na mwisho, ndipo penyewe hasa, karakana ya mchongaji Tezo. Hapo mtaona vigoda alivyochonga babu yake, vyenye umri wa miaka mia moja."

Maneno hayo ya miaka mia alifundishwa na Tezo, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja. Ukweli ni kwamba babu yao alikuwa mvuvi na hakuwahi kuchonga hata mpini wa jembe. Vigoda vyote vilikuwa kazi ya Tezo. Alinunua mbao nene zilizopasuliwa na mashine huko kwenye kiwanda cha mbao, akachonga miguu na kiti kwa kishoka cha tezo na patasi, akavipaka chai nzito iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, akavizika wiki tatu kwenye tope la ufukweni, kisha akavifukiza moshi. Vilitoka vimezeeka kumzidi aliyevichonga. Upande wa chini wa kiti aliuacha kama ulivyotoka kiwandani. "Chini ya kigoda hakuna anayekaa," alikuwa akisema. Na kwa miaka sita hakuna mgeni aliyeuliza. Wageni wengi hukitazama kitu cha kale kama wanavyomtazama mtoto wa mwenye nyumba: husema mzuri, kisha huendelea na mambo yao.

Mwambani mambo yalikwenda salama. Watu walipiga picha, upepo ukachukua kofia ya mtu, wakacheka. Karani aliandika kitu kifupi. Kiranja akaanza kupumua.

Walipofika mwaloni, ndipo alipomwona vizuri yule mzee mrefu aliyekuja na mkewe. Alikuwa seremala aliyestaafu, na mikono yake haikujua kustaafu. Wenzake walitazama samaki. Yeye alipiga magoti kando ya mashua iliyoinuliwa nchi kavu, akaanza kupapasa ubao wa kukalia kwa chini.

"Ameanza," alisema mkewe. "Baba watoto, acha vitu vya watu vikae vilivyokaa."

"Njoo uone, mwanangu," mzee alimwita Kiranja. "Ubao huu ulipasuliwa kwa msumeno wa mkono. Unaona mikwaruzo imenyooka? Na huu hapa umepasuliwa na mashine. Mikwaruzo yake imepinda kama kucha, maana msumeno wa mashine ni duara. Ubao hausemi uongo kwa chini. Juu utaupiga randa, utaupaka rangi, lakini chini watu huwa wavivu."

"Kumbe, babu," alisema Kiranja.

Alijitenga nyuma ya rundo la nyavu akampigia kaka yake.

"Kaka, chini ya vigoda umepiga msasa?"

"Chini? Kwani wageni wako wanatembea kichwa chini miguu juu?"

"Kuna seremala humu. Anapindua kila kitu. Anajua alama za mashine."

"Mwambie babu yetu alikuwa na umeme kabla ya watu wote."

"Kaka, sifanyi mzaha!"

"Dada, tulia. Uongo wa miaka sita si uongo tena, ni historia. Walete." Akakata simu.

Kwa wafinyanzi mzee alipindua chungu, akaonyesha alama ya kidole iliyobaki kwenye kitako, akamsifu mama aliyekifinyanga mpaka mama yule akaona haya. Wageni walifurahi. Wote waliondoka na kitu, na Kiranja alipaswa kufurahi kuliko wote. Lakini alichohesabu ni vituo vilivyobaki. Viwili.

Sokoni ndiko kulikochafuka. Muuzaji mmoja alikuwa amemwaga vikapu vyake chini, akiapa kwamba vyote vimesukwa na mama yake mzazi. Mzee seremala akachukua kimoja, akakipindua, akavuta uzi kwenye kitako. Ulikuwa uzi wa plastiki, na juu yake palikuwa na kipande cha karatasi ya kiwandani ambacho hakikubanduka vizuri.

"Mama yako ana namba?" mzee aliuliza kwa upole. "Hapa naona imeandikwa namba."

Watu waliangua kicheko. Muuzaji hakucheka. "Mzee, umekuja kununua au umekuja kukagua? Kama hununui weka chini!" Wageni wengine waliokuwa wameshika vikapu wakavirudisha mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, na wauzaji wa jirani ambao vikapu vyao vilikuwa halali wakaanza kumlaani mwenzao kwa kuwaharibia soko.

Karani wa hoteli alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Hoteli haipendi wageni wake wadanganywe," alimwambia Kiranja. "Mgeni akidanganywa haendi kumlaumu muuzaji. Anamlaumu aliyempeleka."

"Naelewa, mama."

"Natumaini."

Basi lilipowashwa, Kiranja alipiga simu tena. Iliita mpaka ikakata. Mara ya tatu ilipokewa na mke wa Tezo.

"Wifi, mpe kaka simu haraka."

"Yuko uani anafukiza. Kasema asisumbuliwe, anavimalizia vitatu vya nyongeza kwa ajili yako."

"Mwambie avitoe vyote! Avifiche chumbani, aweke vijiko na mipini tu."

"Nimwambie mimi?" wifi alicheka. "Mimi nimeolewa tu hapa. Mbishi huyo mlimzaa nyinyi."

Njia ya kutoka sokoni hadi karakana ni ya dakika kumi. Kiranja aliona zinakwisha kama sabuni kwenye maji. Alifikiria kumwambia dereva apite moja kwa moja, aseme mchongaji anaumwa. Lakini orodha ya vituo ilikuwa kwenye jalada, na karani tayari alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa tano.

Tezo alikuwa amevipanga kumi na viwili juu ya mkeka, vyeusi, vinang'aa, vimepangika kama wazee kwenye kikao. Yeye mwenyewe alivaa kofia na kuinua sauti. "Karibuni! Karibuni kwenye mikono ya babu!"

Mzee seremala alichuchumaa mbele ya kigoda cha kwanza. Mkono wake ukaanza kushuka kuelekea ukingo wa kiti, na Kiranja akajisikia akisema, tena kwa ukali wa kiranja hasa:

"Babu, vitu vya kale haviguswi!"

Mkono ukasimama. Mzee akasimama pia, akatikisa vumbi magotini.

"Samahani, mwanangu. Ni mazoea mabaya. Samahani sana." Akaenda kusimama nyuma ya wenzake, mikono mgongoni, kama mtoto aliyefukuzwa mezani.

Hatari ikawa imepita. Karani aliangalia saa, hana habari. Mgeni mmoja, nesi mstaafu, akasogea, akauliza bei ya viwili. "Baba yangu anatimiza miaka tisini," alimwambia Tezo. "Nataka akae kwenye kitu kilichomzidi umri, ili na yeye ajione kijana." Tezo alitaja bei ya kitu cha kale. Nesi akafungua mkoba.

Kiranja alitakiwa kunyamaza tu. Angenyamaza, siku ingekwisha, kazi ingekuwa yake. Lakini macho yake yalimrudia yule mzee aliyesimama nyuma na mikono yake mgongoni. Yeye Kiranja ameombwa radhi na mtu asiye na kosa!

"Mama, usitoe hela," alisema. "Hivi ni vya mwaka huu."

Tezo alicheka kwa nguvu. "Dada yangu anapenda mzaha!"

Kiranja hakubishana naye. Alikichukua kigoda cha karibu, akakipindua mbele ya watu wote. Mikwaruzo ilikuwa pale, imepinda kama kucha, mstari baada ya mstari. Kwenye pembe ya mguu kulikuwa na konokono mdogo wa ziwani aliyesahauliwa pamoja na tope lake.

"Babu yetu alikuwa mvuvi. Hivi kavichonga kaka yangu, na mimi ndiye niliyewaambia miaka mia. Nilijua."

Nesi alifunga mkoba polepole. Mtu mmoja alisema, "Du!" Mzee seremala peke yake hakushangaa.

"Nilisikia harufu ya chai nilipochuchumaa," alisema. Kisha akamgeukia Tezo. "Mkono wako ni mzuri. Mbona unaukana?"

"Vyeupe hawanunui, mzee," alijibu Tezo, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Niliviweka barabarani miaka minne. Watu walivikalia wakisubiri gari, wakaondoka."

Hakuna aliyenunua. Wageni walirudi kwenye basi bila maneno. Mlangoni karani alimzuia Kiranja kwa jalada.

"Jumamosi ijayo, saa mbili kamili," alisema. "Vituo vinne."

"Na hiki, mama?"

"Hiki nimekifuta. Wewe nimekubakiza kwa kuwa ulisema kabla mgeni hajatoa hela. Na asubuhi nilikusikia ukisema miaka mia, usidhani nilikuwa nimelala. Nikikusikia tena ukisema kitu kama hicho, nakufuta na wewe."

Aliwafikisha wageni hotelini, akaagana nao, akashuka mlima kwa miguu. Kazi alikuwa ameipata, lakini hakuelekea nyumbani. Alifika karakana jua likiwa bado kali. Vigoda vilikuwa palepale juu ya mkeka. Tezo alikuwa amekaa kizingitini.

"Umeniuza," alisema. "Umejipatia Jumamosi zako kwa mgongo wangu."

"Ndiyo," alisema Kiranja.

"Sasa umekuja kutafuta nini?"

Kiranja aliokota kipande cha msasa mezani, akavuta kigoda, akaketi chini na kukipakata. Alianza kuusugua weusi wa chai. Ulikuwa mkaidi. Mikono ilimuuma kabla hata weupe wa mti haujaonekana kwa ukubwa wa sarafu. Kaka yake alimtazama, taya zake zikitembea kama anatafuna kitu kigumu.

"Unasugua kinyume cha uzi wa mti," alisema hatimaye kwa hasira. "Utakiharibu."