Uzito wa Mtu Kitini

Kisa hiki alikisimulia kwanza Verna mwenyewe, mwaka 1999, mezani kwa dada yake Beryl katika mji wa Charters Towers, miaka minane baada ya asubuhi yenyewe, na kila alipokirudia hakubadilisha hata idadi ya boliti.

... na kinachomuuma Verna ni kwamba anacheka, Clarrie anacheka kwa sauti, kinywa wazi, mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minane na ambaye kicheko chake Verna alikijua kuwa ni pumzi mbili za puani na mabega kutikisika kidogo, basi, hapo ndipo kilipokuwa kikiishia, hata siku ya harusi ya mwanawe Darryl, na sasa amekaa juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, kando ya Landkruza iliyopandishwa juu ya stendi nne, magurudumu yamevuliwa, ekseli zinaning'inia, na anacheka na mkwewe Leanne, na yeye Verna amesimama mlangoni mwa banda la mabati na sinia la chai ya saa nne, vikombe vitatu na keki ya tende, na hakuna aliyegeuka. "Mzee, hii nati ilizaliwa kabla yangu," sauti ya Leanne inatoka chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, imevaa buti za Darryl zilizomzidi namba tatu, na Clarrie anamjibu, "Ndiyo maana ina adabu kukuzidi, vuta kuelekea kwako, siyo hivyo, unafungua gari au unakamua ng'ombe?" na wanacheka tena, wote wawili, kama watu waliokaa jandoni pamoja, na Clarrie hafanyi mzaha, hilo kila mtu wa barabara ile analijua, muuza nyama analijua, Clarrie huingia dukani akanyoosha kidole na kutoka... Verna aliamini kwamba Mungu alimpa mumewe maneno machache kama alivyompa nywele chache, na mke mwenye akili hamsumbui mtu kwa asichonacho, akajifunza kumsoma kwa namna nyingine, kwa mgongo wake, kwa jinsi alivyoweka kikombe, kwa mkono aliouacha begani mwake sekunde moja zaidi alipopita nyuma ya kiti, akajiona fundi wa kumsoma, akawacheka moyoni wanawake waliohitaji kuambiwa, na kumbe maneno yalikuwapo, muda wote yalikuwapo, yamefungiwa mahali, yakimngoja msichana wa mjini Townsville aje na buti za kuazima.

Siyo msichana, ana miaka thelathini na mmoja, ni muuguzi, ni mke wa mwanawe wa pekee, na amekuja kukaa siku kumi wakati Darryl yuko zamu mgodini, na zamu ikiisha watachukua gari hili waende nalo Cape, mpaka kule juu kabisa ambako nchi inaishia, na Verna hana neno baya la kusema juu yake, ndilo linalomuudhi, anaosha vyombo bila kuombwa, anakunja taulo vizuri... lakini Cape. Cape ilikuwa yao. Mwaka wa sabini na tisa, gari likiwa jipya, rangi yake bado inanukia, Clarrie aliweka mkono juu ya boneti akasema, "Mwakani, Cape," maneno mawili, na kwa Clarrie maneno mawili yalikuwa hotuba, na mwakani ukawa wa ukame, na mwaka uliofuata mama yake Clarrie akavunjika nyonga, na uliofuata sijui nini, na sasa ameagiza springi mpya nne kwa mhunzi wa springi, na shokapu ndefu, analinyanyua gari inchi mbili lipite kwenye mito ya Cape, na atakayekaa kiti cha mbele ni huyo aliye chini ya gari. "Nielezee tena, mzee, kwa nini inchi mbili na siyo nne?" na Clarrie anajisogeza na kreti lake, anainama, mikono inachora hewani, "Nne ni za vijana wa mjini wanaotaka kuonekana wakinunua maziwa. Ukiinua nne, shafti inakaa upande, mipira ya breki inavutika mpaka mwisho, gari linatembea kama mlevi anayerudi kwa mkewe. Mbili zinatosha kuvuka mto na kumwacha dereva na meno yake." Sentensi tatu, Verna anazihesabu, kwa sababu swali hilohilo yeye mwenyewe alimuuliza mwaka wa themanini na tatu, palepale, akiwa na sinia lilelile, kwa nini inchi mbili tu, na alijibiwa, "Zinatosha."

Zinatosha, na akaridhika, akaona amejibiwa. Angeweza kuliweka sinia chini, kwenye meza ya vyuma, akaondoka, wangekuja kuikuta chai na kusema Verna ni mtu mwema, au angeweza kukohoa, lakini anasimama tu, anataka kuona zaidi, kama mtu anayebonyeza jino linalouma ili ajue linauma kiasi gani... na anachotaka kuona anakijua, anangoja wafike mahali pake. Maana ana mahali pake katika kazi hii. Springi za gari hili ni vipande virefu vya chuma vilivyolaliana, na kila springi inashikwa na boliti tatu zinazopita ndani ya bushi za mpira, na boliti hizo hazikazwi gari likiwa juu, ekseli ikining'inia, hapana, unazifunga kwa mkono tu, unarudisha magurudumu, unalishusha gari likae kwa miguu yake, likubali uzito wake, ndipo unakaza, la sivyo mpira unashikwa ukiwa umelala vibaya, na gari likishuka unapindika, na kila shimo la barabarani linaupinda zaidi mpaka unachanika. Clarrie aliwahi kumfukuza bandani binamu yake mwenyewe kwa kosa hilo. Tena yeye alikuwa na lake la ziada, ambalo Verna hajamsikia fundi mwingine akilifanya: hakukaza boliti hizo gari likiwa tupu. "Halitembei tupu," alisema, na akamfungulia mlango. Ikawa ndiyo kazi ya Verna, mwaka wa themanini, wa themanini na tatu, wa themanini na nane, kukaa kitini, mikono mapajani, kioo wazi, mumewe amelala chini yake akikaza boliti moja baada ya nyingine, naye Verna akizisikia zikilia kupitia chuma cha sakafu hadi kwenye nyayo, na ikiisha anagonga chasisi mara mbili, ko, ko, maana yake shuka, na alikuwa hashuki mara moja, alikaa kidogo, na Clarrie naye alibaki chini kidogo, na kama angeulizwa na kasisi mbele ya watu wote ni lini hasa alikuwa mke wa mtu, angesema, pale.

Sasa watafika pale. Magurudumu yamepangwa ukutani, bado kuyafunga, kisha kushusha, kisha Clarrie atainua macho, atamwona, atasema, "Mama, panda," na Leanne atajua kwamba kuna kitu hapa ambacho hakikabidhiwi pamoja na springi... "Haya," anasema Clarrie, "kaza sasa. Zote sita za upande huu. Mpaka zilie."

Sasa? Gari liko juu, ekseli zinaning'inia kama miguu ya mtoto kwenye kiti cha kanisani, na amesema kaza, amesema bila hata kutazama mlangoni, kwa hiyo ameniruka, anawaza Verna, amepitisha kazi juu ya kichwa changu, hataki nikae mle na yeye akiwa na huyu, angenifungulia mlango halafu angeona haya, mwanamke wa miaka sitini na miwili amekaa kwenye gari lisilokwenda... na spana inaanza kulia, trrk, trrk, boliti ya kwanza. Basi wakaze. Wakaze mpaka zilie. Mipira itachanika wakifika Coen, njiani kwenda Cape, kwenye vumbi, gari litaanza kupiga kelele kama kitanda cha hoteli, na Darryl atashuka, atachungulia, atauliza nani alikaza hizi, na huyu mwenye buti za kuazima atasema, ni mimi, na itamfaa, na Verna atakuwa nyumbani akimwagilia nyanya, hajasema uongo, hajasema lolote... na furaha hiyo, ndogo, yenye ncha, inamzunguka mdomoni kama peremende, anaionea aibu na bado anaimung'unya. Trrk, trrk. Boliti ya pili. Kisha sauti ya Leanne, ya chini kidogo kuliko ya mzaha, "Mzee, tunakaza sasa hivi kweli? Si asubuhi uliniambia tuzifunge kwa mkono kwanza?"

"Nani kakwambia?" anauliza Clarrie.

"Wewe, mzee."

"Mimi nimesema kaza," anasema Clarrie, na uso wake, Verna anauona kwa upande, uso huo anaousoma miaka yote, unatafuta kitu, unapapasa, hasira si hasira, kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichokifuata, halafu unapata pa kushika, unang'aa, "Hivi nimewahi kukwambia habari za Stan Pobjoy na mto Norman?" Na Leanne anasema, "Hebu nambie," na Verna anaushika ukingo wa sinia kwa nguvu, maana habari za Stan Pobjoy alizisikia kupitia dirisha la jikoni saa mbili, akazisikia tena saa tatu, jinsi Stan alivyoingiza gari mtoni, likazama hadi vioo, na yeye akafungua mlango ili aone maji yana kina gani, zote mbili alizisikia na mara zote mbili wivu ulimziba masikio, alisikia tu kwamba anasimuliwa mwingine... na sasa inakuja mara ya tatu, kwa maneno yaleyale, kituo kwa kituo, na kabla Stan hajafika kwenye mlango Leanne amekwisha kucheka, mapema kidogo, nusu sekunde tu, kicheko kizuri, kizima, cha mtu anayejua kazi yake. Anajua. Muuguzi, wadi ya wazee, miaka minane, anajua tangu siku ngapi? Na jana, kwenye sinki, kitambaa mkononi, "Verna, mzee analala vizuri usiku?" naye akamjibu, "Analala kama alivyolala siku zote," kwa sauti ya kufunga mlango, alidhani anachunguzwa kitanda chake. Na mwezi wa tano bomba la tangi, alilolifunga Clarrie mwenyewe, akasimama mbele yake akauliza linafunguka upande gani. Na miwani ndani ya friji, walicheka. Na lile jina la mbwa lililompotea... Verna alikuwa akiviweka kando kimoja kimoja, kama soksi zisizo na wenzake, akijiambia siku moja atakaa avipange.

Kwa hiyo siyo kwamba Clarrie alimwekea Leanne maneno. Hayakuwekwa. Kilichokuwa kinayazuia ndicho kilichoachia, na yanatoka, na huyu mtoto wa watu amelala chini akiyapokea, anauliza kwa nini mbili na siyo nne, anauliza tena, siyo kwamba hajui, anamshikilia azungumze, na labda Clarrie naye anajua, labda ndiyo maana ya springi hizi za haraka, mwezi wa sita, hakungoja hata Darryl arudi, anawakabidhi gari angali anakumbuka linavyofunguliwa... na kwa nini kwake na siyo kwangu, wivu unainua kichwa mara moja tena, umezeeka sasa, umechoka, na jibu linakuja lenyewe, kwangu hakuwa na cha kukabidhi, miaka yote nilikuwa juu yake, kitini. Yote Verna anayo. Ya themanini, ya themanini na tatu, kila boliti, na ni yeye peke yake sasa aliye nayo, na siku itakuja, siyo mbali, ambapo Clarrie atamtazama akiwa na sinia mlangoni na hatajua ni nani, na hapo Verna atahitaji mtu mwingine chini ya paa hili aliyemsikia akifanya mzaha, aliyepata kuambiwa, na mtu huyo ni mmoja tu, na ana grisi usoni, na Verna dakika tano zilizopita alikuwa akimwombea aibu huko Coen.

Trrk. Ya tatu. Hakuna kilichoharibika bado, boliti zilizokazwa hufunguliwa, mpira haujaguswa na uzito, ni kusema tu. Lakini akimwambia Clarrie, umesahau, atakuwa amelisema neno hilo mbele ya mtu, na likishasemwa halirudi. Na akimwambia Leanne, acha, Clarrie atasikia vilevile. Chai inapoa, mvuke umekwisha kwenye vikombe, Clarrie anacheka mlango wa Stan Pobjoy, buti za Darryl zinasogea kuelekea boliti ya nne, hakuna aliyegeuka, na Verna anafungua mdomo, anavuta pumzi, na hajui bado jina la kwanza litakalotoka ni la nani kati ya hao wawili.

Clarrie alifariki mwaka 1996, Beryl mwaka 2005, na Verna mwaka 2011. Leanne yu hai.